Je, Simu ya Nyumbani Kwako Inapatikana?

Mwezi huu hatutazungumza juu ya homa za watoto wala chakula cha mama anayenyonyesha. Tutazungumza juu ya simu. Huenda mwingine akashangaa na kusema, "Wauguzi na simu wapi na wapi?" Msishangae. Kazi yetu imetufundisha kwamba simu ni sehemu ya afya ya nyumba, kama vile chandarua na ndoo ya maji safi yenye mfuniko. Hebu tuwasimulie jambo lililotufundisha hivyo.

Usiku mmoja wa masika tulikuwa zamu katika wodi ya wazazi. Saa sita kasoro, mama mmoja aliyekuwa amejifungua salama jioni ile, mtoto wake wa nne, alianza kutokwa na damu nyingi. Daktari aliitwa, dawa zikatolewa, dripu ikatundikwa. Damu ya kundi lake iliyokuwapo ilikuwa chupa moja tu, nasi tulihitaji ndugu waje kuchangia, tena upesi. Tukafungua kadi yake ya kliniki. Ilikuwa na namba mbili za simu. Ya kwanza ilikuwa ya bwana wake, dereva wa lori, ambaye usiku huo alikuwa njiani. Tulipiga, na ile sauti tunayoijua sote ikatujibu kuwa namba hiyo haipatikani. Ya pili ilikuwa ya mama mwenyewe. Simu hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wake chini ya kitanda, imezimika kwa kukosa chaji.

Yule mama, kwa sauti ndogo, alituambia, "Nyumbani kuna simu, nesi. Ziko nyingi." Lakini namba zilikuwa ndani ya ile simu iliyozimika, naye hakuwa na hata moja kichwani. Mwishowe muuguzi mwenzetu mmoja alikumbuka kuwa mtaani kwao yupo mzee wa kanisa anayemfahamu. Alimpigia, mzee akaamka, akatembea gizani akawagongea mlango. Ndugu walifika saa tisa usiku. Mama alipona, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini zile saa tatu hatujazisahau.

Baadaye tulipata habari kamili. Nyumba ile ilikuwa na simu nne. Ya baba ilikuwa barabarani, mahali pasipo na mtandao. Ya mama ilikuwa imezimika. Ya binti mkubwa ilikuwa nzima, ina kifurushi cha intaneti cha siku hiyo, lakini namba yake haikuandikwa popote, na mwenyewe alikuwa amelala ameizima sauti. Ya nne ilikuwa kitochi cha bibi, kimejaa chaji, kimetundikwa msumarini. Hicho laini yake ilikuwa imechomolewa wiki moja kabla na kijana wa nyumba, aliyeona laini hiyo imepewa dakika za zawadi akaitia katika simu yake, kisha akasafiri nayo kwenda shuleni.

Simu nne, fedha za vifurushi kila siku, na nyumba haikupatikana.

Zamani simu ilikuwa ya nyumba

Wale tuliokuwa watoto miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini twakumbuka simu ya mezani. Ilikuwa kwa mwalimu mkuu, kwa mchungaji, au kwa jirani mmoja mwenye kazi kubwa serikalini. Mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu liligawanywa na TTCL ikazaliwa, na mwaka huohuo kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ikaanza kazi Dar es Salaam. Kwa wengi wetu hizo zilikuwa habari za watu wa mbali. Simu iliyokuwa karibu nasi ni ile ya mezani, nayo ilikuwa na tabia moja nzuri: ilikuwa ya nyumba. Ikilia, aliye karibu aliipokea, na ujumbe ukafika kwa anayehusika. Haikutoka na mtu kwenda kazini wala haikulala chini ya mto wa mtu.

Leo hali imegeuka. Simu ni ya mtu. Baba ana yake, mama ana yake, vijana wana zao, na kila moja inatoka na mwenyewe. Hatusemi kwamba ni vibaya. Tunalosema ni kwamba katika nyumba nyingi hakuna tena simu hata moja iliyo ya nyumba. Hili ndilo jambo la kwanza la kutengeneza, kabla hata hatujauliza bei za simu wala za vifurushi.

Tuanze na karatasi

Bwana Yesu alipofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alionyesha kuwa mwenye busara huketi kwanza akafanya hesabu. Sisi wengi twafanya kinyume. Twaiona simu dukani, twaipenda, twainunua, halafu ndipo twatafuta kazi ya kuipa. Au twasikia tangazo la kifurushi redioni, twalipia, kisha twapiga hata simu zisizo na lazima ili dakika zisipotee.

Safari hii tufanye vingine. Chukua karatasi, ukae na mwenzako jioni watoto wakiwa wamelala, muandike maswali matatu. La kwanza: ni nani katika nyumba hii lazima apatikane, na saa zipi? Kama kuna mjamzito, mtoto anayesoma mbali, mzazi mzee anayetumia dawa za presha au sukari, jibu ni mchana na usiku. La pili: ni nani tunaompigia mara kwa mara, na yuko mtandao gani? La tatu: ni kazi gani ya kutuingizia fedha inayohitaji simu, na inahitaji nini hasa? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayochagua simu na kifurushi. Muuza duka hawezi kuwachagulieni, kwa maana yeye haijui nyumba yenu.

Simu ya aina gani?

Kwa simu ya nyumba, tunashauri kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza. Sababu si umaskini. Betri yake hukaa siku kadhaa, wakati simu janja nyingi huomba chaji kila siku. Ikianguka haivunjiki kwa urahisi. Bibi na mtoto wa darasa la tatu wote waweza kuipokea. Ina tochi ya usiku wa kukatika umeme, na nyingi zina redio. Tena bei yake ni ndogo, hivyo haishawishi sana wezi wala vijana wa nyumba.

Itafutieni mahali pake pasipobadilika, penye mtandao mzuri, mahali ambapo mlio wake utasikika mpaka vyumbani. Iwe na laini yake yenyewe, na iwe marufuku kuichomoa. Namba yake iandikwe kwenye kadi za kliniki, shuleni kwa watoto, kwa kiongozi wa jumuiya, na kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Watoto wafundishwe namba hiyo kwa kichwa, kama wanavyofundishwa jina la mtaa wao. Wafundishwe pia kuipokea kwa adabu, kuuliza ni nani anayepiga, na kutomwambia mtu wasiyemjua kwamba wako peke yao au kumtajia namba yoyote ya siri.

Simu janja nayo ina kazi yake, na tutaifikia. Lakini ukienda kununua simu ya aina yoyote, zingatia haya. Kwanza, nunua dukani penye risiti na dhamana. Simu ya mkononi mwa kijana barabarani yaweza kuwa imetoka mfukoni mwa mama mwenzako. Pili, kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, ambazo ni utambulisho wa simu hiyo. Zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, nawe utajibiwa ni simu ya aina gani. Jina likija tofauti na simu uliyoshika, irudishe mezani uondoke. Wengi mnakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini na watu wakabaki na vibati mikononi. Tatu, jaribu kuisikiliza na kuzungumza nayo palepale, na uangalie kama betri yake yaweza kutolewa na kupatikana kwa urahisi ikichoka.

Nne, kuhusu simu za mkopo. Siku hizi mtu hutoa kianzio, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku. Imewasaidia wengi, nasi hatuikatazi. Lakini fanya hesabu yote. Tuseme kianzio ni shilingi 50,000, na kila siku ni shilingi 1,000 kwa siku 365. Hapo utakuwa umelipa shilingi 415,000. Uliza bei ya simu hiyohiyo kwa fedha taslimu, utoe, uone umelipia kiasi gani kwa ajili ya kungojewa. Tena ujue kwamba simu nyingi za namna hii hujifunga zenyewe ukichelewa kulipa. Kwa sababu hiyo simu ya mkopo isiwe ndiyo simu ya nyumba. Siku fedha ilipokosekana ndiyo siku mtoto huweza kuugua.

Na neno moja la kiuguzi: simu isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro, na mtoto asichezee waya ulio kwenye umeme. Betri ikivimba, acha kuitumia.

Mtandao gani?

Hapa akina mama wengi twachagua kwa kufuata rafiki au tangazo. Lakini mtandao bora ni ule unaoshika nyumbani kwako. Waombe majirani na wageni wenye laini tofauti, simama nao sebuleni, chumbani na jikoni, mlango ukiwa umefungwa, mpige simu. Fanya hivyo tena usiku. Nyumba ya mabati iliyo bondeni yaweza kukosa kabisa mtandao ambao barabarani, hatua mia moja tu, unashika vizuri. Fanya jaribio hilohilo mahali pako pa biashara.

Kama nyumba ina simu mbili au simu ya laini mbili, laini hizo ziwe za mitandao tofauti. Mmoja ukisumbua, mwingine huenda unapatikana. Na kama mtandao wako umekuchosha lakini unaogopa kupoteza namba ambayo watu wote wanayo, kumbuka kwamba tangu mwaka 2017 inawezekana hapa Tanzania kuhama mtandao na namba yako ileile. Nenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, naye atakueleza.

Kifurushi kipi?

Tuanze na habari njema: kupigiwa hapa nchini hakukugharimu kitu. Kwa hiyo simu ya nyumba, ambayo kazi yake kubwa ni kupatikana, yaweza kuishi kwa fedha kidogo sana. Iwekewe vocha ya kawaida na iachwe humo kama akiba ya dharura. Mtu asiigeuze kuwa kifurushi. Kifurushi kina siku yake ya kufa. Ukinunua dakika za leo zikaisha muda leo usiku, kesho alfajiri mtoto akipata degedege huna kitu. Mara moja kwa wiki simu hiyo itumike kupiga, hata kwa dakika moja tu, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa.

Kwa simu nyingine, fanyeni hesabu ya mwezi mzima. Tuseme mtu mmoja ananunua kifurushi cha shilingi 1,000 kila siku. Yeye huona ni elfu moja tu. Lakini kwa siku 30 ni shilingi 30,000. Nyumba yenye watu wanne wa namna hiyo imetumia shilingi 120,000, na huenda mwezi huohuo mama alikosa fedha za bima ya afya au viatu vya shule. Andikeni kila kifurushi kinachonunuliwa kwa wiki mbili, bila kugombana, bila kumshutumu mtu. Kisha ulizeni kifurushi cha wiki au cha mwezi kwa matumizi hayohayo ni bei gani. Mara nyingi cha muda mrefu ni nafuu, lakini si kwa kila mtu. Anayepiga simu mara mbili kwa wiki hana haja ya dakika mia tano.

Kabla ya kulipia kifurushi chochote soma mambo manne. Dakika hizo ni za mtandao mmoja au za mitandao yote? Nyumba nyingi hununua dakika nyingi za mtandao wao, wakati bibi kijijini na shule ya mtoto wako mtandao mwingine. Muda wake unakwisha lini, ni baada ya saa 24 tangu uliponunua au ni usiku wa manane? Intaneti ni kiasi gani, na je, ni ya kila kitu au ya mitandao ya kijamii tu? Na mwisho, kifurushi hicho kitajinunua chenyewe tena au la? Kanuni za TCRA za mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akujulishe unapokuwa umetumia asilimia 75 ya kifurushi na kinapokwisha. Usizifute meseji hizo bila kuzisoma. Kikiisha, zima intaneti kwanza, isije ikaanza kula vocha yako ya akiba.

Kukopa salio nako kunaponya kwa dakika moja, lakini ukiongeza vocha unakatwa zaidi ya ulichopewa. Mama akikopa kila siku, kila siku anaanza na deni. Tumeona akina mama wanaoishi hivyo mwaka mzima wakidhani mtandao unawaibia.

Kwa walio mijini, nyumba yenye vijana wanaosoma au mtu anayefanya kazi nyumbani yaweza kulinganisha jumla ya vifurushi vya intaneti vya wote na gharama ya intaneti ya nyumba kwa mwezi. Huenda ikawa nafuu. Lakini kumbukeni umeme ukikatika nayo huzimika, basi kitochi kibaki msumarini.

Simu ya kazi

Mama mwenye biashara, hata ikiwa ni ya vitumbua, na awe na laini ya kazi iliyo mbali na laini ya nyumbani. Hii si anasa. Wateja wakiwa na laini moja na ndugu nao wakiwa na hiyohiyo, mama hapumziki, na hesabu zake huchanganyika mpaka hajui faida ni ipi na fedha ya unga ni ipi. Laini ya kazi ndiyo iandikwe kwenye kibao, na vocha yake itoke kwenye mtaji wa kazi.

Je, kazi inahitaji simu janja? Inategemea. Tunamfahamu fundi cherehani mmoja aliyenunua simu kubwa baada ya kufikiri sana. Wateja wake humtumia picha za mishono kwa WhatsApp, naye huwatumia picha ya gauni lililokamilika kabla hawajaja. Amepunguza safari na malalamiko, na simu imejilipa. Tunamfahamu pia mama wa mbogamboga aliyemwiga. Wateja wake ni majirani wanaopita mlangoni, hawana haja ya picha ya mchicha. Simu kubwa ilimletea video za kuchekesha na bando la kila siku, faida ikaingia humo. Baada ya miezi michache alimpa binti yake aliyeko chuoni, akarudi kwenye kitochi. Wote wawili ni wanawake wenye akili. Tofauti ilikuwa kazi zao.

Ukiwa na simu janja kwa kazi, ingia kwenye mipangilio yake uzuie picha na video zisijipakue zenyewe. Ujumbe wa maandishi hutumia intaneti kidogo sana, wa sauti hutumia kidogo, na video ndiyo mlaji mkubwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alifanya hivyo tu, na kifurushi chake cha siku mbili kikaanza kufika siku tano.

Laini iwe kwa jina lako

Sasa tuseme jambo ambalo limewaliza wengi. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, alikuwa akitumia laini aliyosajiliwa na shemeji yake, kwa kuwa wakati ule yeye hakuwa na kitambulisho. Miaka ikapita, kila kitu kikawa sawa, fedha za wenzake zikawa zinapita humo. Siku moja mnadani simu ikaibiwa. Alikwenda kurudisha laini, akaambiwa aje mwenye alama ya vidole. Shemeji alikuwa amehamia mkoa mwingine, tena walikuwa wamekosana juu ya shamba. Wiki nne fedha za wanawake kumi na wanane zilikaa mahali ambapo hakuna aliyeweza kuzigusa, na maneno yaliyosemwa kikundini yalimuumiza kuliko wizi wenyewe. Fedha zilipatikana zote baada ya wazee kuingilia kati. Lakini kikundi kilivunjika, na hakijarudi mpaka leo.

Usajili wa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na mwanzoni mwa 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Wakati huo wengi waliokosa namba ya NIDA waliomba msaada wa ndugu, na huo msaada umebaki kuwa mtego mpaka leo. Piga *106# uone jina la aliyesajili laini unayoitumia, na namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao huo ukaifute. Ukiona laini yako ina jina la mtu mwingine, anza leo, kwa upole, kumwomba mwende pamoja kubadilisha, wakati bado mnapatana. Na wewe kwa upande wako usimsajilie mtu laini kwa kidole chako, hata akilia.

Namba ya siri ya fedha ni yako. Mtu akipiga akisema ametoka kwenye kampuni ya simu na anaitaka, kata. Meseji za "ile fedha tuma kwenye namba hii" zisikutie wasiwasi. Namba ya tapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Namba zisizohitaji salio

Kata karatasi, uandike namba hizi kwa herufi kubwa, uibandike juu ya simu ya nyumba: 112 kwa polisi na dharura kwa ujumla, 114 kwa zimamoto, 116 kwa mtoto anayenyanyaswa, 199 kwa ushauri wa afya kutoka Wizara ya Afya. Na hasa 115. Hiyo ni ya mpango wa m-mama, ambao mwaka 2022 serikali ilizindua upelekwe nchi nzima baada ya kuanzia Kanda ya Ziwa. Ni kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga wanapopata dharura. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo, dereva wa jamii aliyesajiliwa, akupeleke kwenye kituo kinachofaa. Zote ni bure. Hata simu isiyo na senti huzipiga, lakini isiyo na chaji haiwezi.

Tumalizie kwa yule mama wa usiku wa masika. Wiki sita baadaye alikuja kliniki na mtoto wake, ananyonya vizuri, mashavu yamejaa. Tulipofungua kadi tuliona namba zilizokuwapo zimekatwa kwa kalamu, na juu yake pameandikwa mpya, kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Tukamwuliza, "Hii ni ya nani?" Akasema, "Si ya mtu, ni ya nyumba."

Tukaipiga palepale kuijaribu. Ililia mara mbili. Sauti ya mtoto ikasema, "Shikamoo. Hapa ni nyumbani. Mama ameenda kliniki, bibi yupo. Nimwite?"

Tulimwambia asimsumbue bibi, tulitaka tu kujua kama wanapatikana. Nanyi, wapenzi, kabla hamjalala usiku wa leo, mwombeni jirani apige simu ya nyumbani kwenu. Msikilize itakavyojibu.